Rekodi Zilizowekwa Kwenye Mavi

Mwaka 1974 watafiti wawili, Anderson na Malcolm Coe, walichapisha hesabu waliyoipata katika mbuga ya Tsavo nchini Kenya. Lundo moja la mavi ya tembo, lenye uzito wa kilo moja na nusu tu, lilivamiwa na mbawakawa wapatao 16,000. Baada ya saa mbili hapakuwa na lundo tena. Kuna waliokula palepale, kuna waliochimba chini yake na kuzika mgao wao, na kuna waliofinyanga tonge, wakalisukuma kinyumenyume wakatokomea nalo. Ukigawanya sawasawa, kila mmoja aliambulia chini ya moja ya kumi ya gramu. Sijui mashindano mengine ya wanyama yenye washindani wengi kiasi hicho kwa zawadi ndogo kiasi hicho.

Mavi mabichi ni mali isiyomngoja mtu. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo kinachomtoka bado kina chakula tele, pamoja na maji na bakteria. Lakini jua likishalipiga lundo, ganda hujitengeneza juu, unyevu hupungua, na baada ya muda si mrefu hapana buu anayeweza kunenepa humo wala mbawakawa anayeweza kufinyanga kitu. Kila mwenye haja na mali hiyo ana saa chache tu. Ndiyo maana mavi yamezaa mabingwa wengi kuliko inavyotarajiwa: wa mbio, wa nguvu, wa kurusha, wa kudanganya. Na kati yao wote bingwa ninayemvulia kofia si yule anayesifiwa sana.

Nzi ndio hushinda mbio za kufika. Haematobia irritans, nzi mdogo anyonyaye damu ya ng'ombe, hukaa juu ya ng'ombe usiku na mchana na hushuka kwa shughuli moja tu, kutaga. Ng'ombe akinya, jike hushuka mara moja, hutaga katika dakika za mwanzo, kisha hurudi mgongoni. Huyu hasafiri kwenda kwenye mavi. Amepanda chombo kinachoyatengeneza. Naona ni ulaghai kidogo kumpa medali, ila hakuna kanuni inayosema mshindani aanzie wapi. Utitiri wa jenasi Macrocheles nao wana ujanja wa aina hiyo. Hawana mabawa, basi hung'ang'ania mwili wa mbawakawa wa mavi, hubebwa angani hadi lundo jipya, huteremka, na kuanza kula mayai ya nzi waliowatangulia.

Kwa wanaofika kwa mabawa yao wenyewe, kinachoamua ni joto. Bernd Heinrich na George Bartholomew, waliofanya kazi Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1979, walimpima Scarabaeus laevistriatus, mbawakawa mkubwa anayeviringisha tonge za mavi ya tembo. Walikuta kwamba anaweza kukipasha kifua chake joto kwa kutetemesha misuli ya kurukia, hadi nyuzi 40 na ushei, hata hewa ya nje ikiwa imepoa. Aliye moto hufinyanga upesi na hukimbia upesi. Wawili wakigombania tonge moja, mwenye joto zaidi ndiye kwa kawaida anayeondoka nalo. Ukubwa wa mwili peke yake hautoshi. Joto hilo lina gharama, maana linachoma akiba ya chakula, lakini anayebana matumizi hapo hurudi mikono mitupu.

Sasa nguvu, rekodi inayojulikana kuliko zote. Mwaka 2010 Rob Knell wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na Leigh Simmons wa Chuo Kikuu cha Western Australia walitangaza kipimo cha Onthophagus taurus. Dume mwenye nguvu kuliko wenzake alivuta mzigo wa mara 1,141 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni karibu tani 80. Magazeti ya dunia nzima yaliishia hapo, nami nadhani yaliacha sehemu tamu. Kwanza, mashindano ya uzito kwa uzito huwapendelea wadogo daima: nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, ilhali uzito hufuata ujazo, na mwili ukipungua, ujazo hupungua kwa kasi zaidi. Mbawakawa aliyekuzwa hadi kimo cha mtu asingevuta tani 80. Pengine miguu yake isingembeba.

Pili, nguvu hiyo ina kazi maalumu. Jike wa O. taurus huchimba shimo chini ya mavi, na dume mwenye pembe husimama mlangoni. Akija dume mwingine, hufungana pembe shimoni na kusukumana mpaka mmoja atoke. Hata hivyo kuna madume wasio na pembe kabisa. Hao hawagombani. Huchimba njia ya pembeni, hupita chini ya mlinzi, hujamiiana na jike na kuondoka. Ni dhaifu, lakini tezi zao za mbegu ni kubwa ukilinganisha na miili yao. Kwa hiyo katika lundo moja mna mabingwa wawili wa spishi moja, na mmoja wao hajawahi kupewa kichwa cha habari.

Kuhusu kukimbia na tonge, mwenye rekodi yake ni Scarabaeus satyrus wa Afrika Kusini, anayefanya kazi usiku. Mviringishaji anataka kwenda mbali na lundo kwa mstari mnyoofu, kwa sababu akipinda anaweza kujikuta amerudi kwenye vurugu, na tonge likaibwa. Mwezi ukiwepo si taabu: mwaka 2003 Marie Dacke na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba jamaa yake, Scarabaeus zambesianus, husoma mpangilio wa mwanga wa mwezi uliochujwa na anga. Je, usiku usio na mwezi? Dacke, wa Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden, akishirikiana na Marcus Byrne wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na wengine, aliwavisha mbawakawa vikofia vya karatasi ngumu wasione juu, nao wakazungukazunguka ovyo. Kisha akawapeleka kwenye jumba la maonyesho ya nyota la Johannesburg na kuwawashia Njia Nyeupe peke yake, ule mkanda wa nyota unaokata anga. Wakaenda sawa na walivyokwenda chini ya anga lote la nyota. Ripoti ya mwaka 2013 ilimfanya awe mnyama wa kwanza kuthibitishwa kuwa anaongozwa na Njia Nyeupe, na mwaka huohuo watafiti wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa sayansi inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Rekodi ya uhamisho ni ya Australia. George Bornemissza, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 akashangaa kuona malisho yamejaa mavi makavu ya ng'ombe. Mbawakawa wa nchi hiyo walizoea vidonge vikavu vya kangaruu; uji wa ng'ombe, mnyama aliyeletwa na walowezi, hawakuujulia. Nzi walijaa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1985, shirika la utafiti la CSIRO lilifungua kituo Pretoria na kuendesha mradi wa kuwahamisha mbawakawa wa mavi, wengi wao kutoka Afrika. Spishi 43 ziliachiwa huru, 23 zikastawi. Kama kuna anayeuliza kazi hiyo ina thamani gani, John Losey na Mace Vaughan walikadiria mwaka 2006 kwamba kuzikwa kwa mavi ya ng'ombe kunaiokolea Marekani dola milioni 380 kila mwaka.

Upande wa pili wa kazi hiyo ya kuzika mavi si wa kujivunia. Mwaka 1987 Wall na Strong waliripoti katika Nature kwamba mavi ya ndama waliopewa dawa ya minyoo ya ivermectin yalibaki malishoni yakiwa karibu mazima baada ya siku 100, wakati mavi ya ndama wasiopewa yalikuwa yameshasambaratika. Dawa hiyo imeokoa macho ya watu wengi, na waliogundua kundi lake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Nobeli mwaka 2015 kwa haki kabisa. Lakini sehemu yake hutoka na kinyesi ikiwa bado na makali, na mabuu wa mbawakawa hawana kinga nayo.

Bunduki ya milimita chache

Usidhani wanyama peke yao ndio wenye haraka. Kuvu wanaoota kwenye mavi wana shida ya kipekee. Spora zao lazima zimezwe na mla majani ili zitoke tena kwenye mavi mapya, lakini ng'ombe, kama ajuavyo mfugaji yeyote, halishi karibu na mavi yake. Kuvu amekwama katikati ya mahali ambapo mteja wake hafiki, basi hana budi kurusha.

Pilobolus ni kijiti chenye puto la maji kileleni na kofia nyeusi ya spora juu yake. Shinikizo ndani ya puto hupanda hadi mara mbili na zaidi ya tairi la gari. Puto hilo linafanya kazi ya lenzi pia: hukusanya mwanga na kukielekeza kijiti upande wa jua la asubuhi, ambako ndiko kwenye uwazi. Kisha hupasuka. Mwaka 2008 maabara ya Nicholas Money, Chuo Kikuu cha Miami kilichoko Ohio, ilipiga picha mirusho ya kuvu wanne wa kinyesi kwa kamera inayofikia picha 250,000 kwa sekunde. Walipata kasi za kati ya mita 2 na 25 kwa sekunde na umbali wa hadi mita 2.5. Lakini namba iliyowafanya waite makala yao safari za kasi kuliko zote katika maumbile ni ya mchapuko: kuanzia mara 20,000 ya mvutano wa dunia hadi mara 180,000. Hiyo ya juu kabisa si ya Pilobolus mwenye jina bali ya Ascobolus, kuvu mdogo asiye na mbwembwe.

Halafu kuna abiria. Mnyoo wa mapafu ya ng'ombe, Dictyocaulus viviparus, hutoka na mavi akiwa lava, na yeye pia anahitaji kufika kwenye majani yanayoliwa. Ni mvivu wa kutambaa. Mwaka 1962 iliripotiwa kwamba lava hao hupanda vijiti vya Pilobolus, hujikusanya juu ya kofia, na kungoja kufyatuliwa. Anayekohoa baadaye ni ng'ombe.

Wasiokuja kula mavi

Hadi hapa nimezungumzia wanaoyataka mavi yenyewe. Pindua lundo lolote la siku moja au mbili, utaona wengine: wembamba, warefu, wenye haraka, wanaoinua mkia juu ukiwagusa. Hao ni wa familia ya Staphylinidae, tuwaite stafilinidi. Wengi wao hawana haja na mavi. Wamekuja kuwala waliokuja kula.

Hawa ndio mabingwa wangu. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 66,000, na kwa hesabu hiyo hakuna familia ya wanyama inayoifikia. Jumlisha mamalia wote, ndege wote, reptilia wote na amfibia wote, bado stafilinidi ni wengi zaidi. Wapo wanaosema vijinzi wanaofanya uvimbe kwenye majani ni wengi kuliko hao, na vipimo vya DNA vilivyofanywa Kanada vinawapa nguvu, lakini wengi wa vijinzi hao hawajaelezwa. Rekodi ni ya waliokwisha kuandikwa.

Walifikaje idadi hiyo? Jibu ninaloliona lina mantiki liko mgongoni. Mbawakawa wa kawaida hufunikwa na mabawa magumu ya juu mpaka mwisho wa tumbo. Hiyo ndiyo ngao yake. Stafilinidi ameikata fupi, na sehemu kubwa ya tumbo iko wazi. Amepoteza ngao, lakini amepata mwili unaopinda kila upande, unaopita katikati ya majani yaliyooza, chini ya magome, ndani ya vichuguu, na kwenye nyufa za mavi ambamo mbawakawa mnene angekwama.

Tatizo likabaki: mabawa ya kurukia ni marefu, na sanduku la kuyahifadhia limekuwa dogo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakiongozwa na Kazuya Saito walimpiga picha Cafius vestitus, stafilinidi wa pwani, kwa kamera ya kasi. Waliona kwamba huyalaza mabawa mawili moja juu ya jingine na kuyakunja kwa pamoja, akitumia tumbo kuyasukuma ndani. Kwa kuwa yamekunjwa yakiwa yamepandana, mikunjo ya kushoto na ya kulia hailingani. Na mdudu anaweza kubadilisha, leo kushoto juu, kesho kulia juu. Kila bawa limebeba ramani mbili za mikunjo. Sijaona katika wadudu ukunjaji wenye hesabu ngumu zaidi ya huo, na wahandisi wa vyombo vya angani wanaufuatilia kwa makini, kwani unafunguka papo hapo.

Kwenye mavi wana kazi nyingi. Emus hirtus wa Ulaya, mmoja wa wakubwa, hufika milimita 28, ana manyoya ya rangi ya dhahabu hata ukamdhania nyuki, na huwinda juu ya mavi ya ng'ombe. Uingereza sasa amebaki hasa kwenye malisho ya pwani ya Kent. Platystethus arenarius ni mdogo mno kulinganisha naye, lakini jike wake hutengeneza chumba ndani ya mavi, hutaga, kisha hubaki kulinda mayai na watoto wachanga. Kwa mdudu anayelelea mahali panapokauka kwa siku chache, malezi hayo ni ya gharama kubwa. Na wapo wa jenasi Aleochara, ambao wakiwa wakubwa hula mayai na mabuu ya nzi, na wakiwa wachanga hufanya jambo la ajabu zaidi: lava hutafuta ganda la pupa wa nzi, hulitoboa, hujipenyeza, na kumla mwenye nyumba taratibu akiwa ndani. Nzi anakomeshwa mara mbili na spishi moja.

Lakini taji la udanganyifu linakwenda kwa Leistotrophus versicolor wa Amerika ya Kati. Adrian Forsyth na John Alcock walimchunguza Costa Rica na kuandika habari zake mwaka 1990. Madume wakubwa wana taya ndefu na hulinda kipande cha mavi, kwa sababu majike huja pale kuwinda nzi. Dume mdogo hawezi pambano hilo. Basi hujifanya jike. Akikutana na mkubwa, humgeuzia mkia kama afanyavyo jike, na mkubwa huanza kumbembeleza badala ya kumfukuza. Huku akibembelezwa, mdogo hupata nafasi ya kujamiiana na majike wa kweli katika eneo la mwenyewe. Na mavi yakikosekana, spishi hiyohiyo ina mbinu nyingine: hugusisha ncha ya tumbo kwenye jani au jiwe, huacha harufu, kisha hukaa kando na kuwangoja nzi wadogo wanaokuja wakidhani kuna kitu kimeoza. Amelitengeneza lundo lisilokuwepo.

Duka la kemikali

Ncha hiyo ya tumbo ndiyo inayoeleza rekodi zilizobaki. Aliyeacha ngao alihitaji silaha nyingine, na tumbo lililo wazi na linalopinda ni mahali pazuri pa tezi, kwani unaweza kulielekeza utakako. Joseph Parker na wenzake huko Caltech, katika kazi waliyoichapisha 2021, walifuatilia jinsi tezi ya stafilinidi Dalotia coriaria ilivyojengeka. Aina moja ya seli hutengeneza sumu kali ambayo peke yake ni unga usiotoka. Aina ya pili hutengeneza kiyeyushio. Moja bila nyingine haifai kitu.

Kutoka duka hilo kimetoka chombo cha majini. Stenus, stafilinidi mwingine, huishi kando ya vijito, na akiangukia majini humwaga tone la kemikali nyuma yake. Tone hulegeza ngozi ya maji upande wa nyuma, ngozi ya mbele inaendelea kuvuta, na mdudu huteleza bila kusogeza mguu. Wajerumani Linsenmair na Jander walipima mwaka 1963 kasi ya sentimita 45 hadi 70 kwa sekunde. Kwa mwili wa milimita 5, hiyo ya juu ni urefu wake mara 140 kila sekunde. Huyohuyo ana mdomo wa chini unaofyatuka mbele katika milisekunde 1 hadi 3, wenye gundi nchani, wa kunasia wadudu wadogo.

Kisha yupo yule ambaye msomaji wa Kenya hahitaji kutambulishwa, mwekundu na mweusi, ambaye mjini huitwa Nairobi fly. Ni stafilinidi wa jenasi Paederus; Afrika Mashariki wanaotajwa zaidi ni P. eximius na P. sabaeus. Hang'ati wala hachomi. Lakini ukimponda kwenye ngozi, damu yake huacha sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja au mbili unapata kidonda chenye malengelenge mithili ya kuungua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwazalisha kwa wingi mno, na kwa kuwa hufuata taa, walianguka shingoni na usoni mwa watu usiku. Ushauri uliotolewa wakati ule bado ni sahihi: mpulize aende, usimponde.

Pederini ina rekodi yake ya jasho. Mwaka 1953 Pavan na Bo, Waitalia, walipoitenga kwa mara ya kwanza, walihitaji Paederus fuscipes milioni 25 waliokusanywa mashambani. Cha kushangaza zaidi ni kwamba mbawakawa hatengenezi hata tone. Kazi ya Rupert Kellner, na baadaye ya Jörn Piel mwaka 2002, ilionyesha kwamba mtengenezaji ni bakteria wa jenasi Pseudomonas wanaoishi ndani ya jike. Jike huyapaka mayai sumu hiyo, na buibui wakionja lava waliotoka humo huwatema. Molekuli za ukoo uleule zimepatikana ndani ya sifongo wa baharini, mnyama asiyekutana na mbawakawa hata siku moja. Kiungo chao ni bakteria.

Matumizi ya mwisho ya tumbo hilo ni kuingia nyumba za wadudu wengine. Munetoshi Maruyama na Parker waliandika mwaka 2017 kwamba stafilinidi waliogeuka kufanana na siafu na kuishi nao, kwa umbo la kiuno chembamba na miguu mirefu, wamezuka angalau mara 12, kila ukoo kwa njia yake, kutoka kwa mababu waliotengana takriban miaka milioni 105 iliyopita. Siafu wa Afrika nao wana wageni hawa wanaotembea katika msafara bila kuguswa. Kwa mchwa mambo yamepita kiasi. Austrospirachtha carrijoi, aliyeelezwa mwaka 2023 kutoka kaskazini mwa Australia, ana tumbo lililovimba, likakunjwa hadi juu ya mgongo, na kuchukua umbo la mchwa kamili, lenye kichwa na viambato vinavyofanana na miguu. Chini ya sanamu hiyo mbawakawa mwenyewe karibu haonekani. Gizani mchwa hupapasa, na anachopapasa ni mwenzake.

Waliowaandika

Idadi ya 66,000 haikujihesabu. Max Bernhauer, aliyezaliwa 1866 na kufariki 1946, alikuwa mthibitishaji wa hati huko Austria. Wadudu walikuwa kazi yake ya baada ya kazi. Alitoa majina kwa spishi zaidi ya 5,000 za stafilinidi, na mkusanyo wake uko Field Museum, Chicago. Anayemfuata kwa karibu, Malcolm Cameron, alikuwa daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza na aliandika zaidi ya 4,000. Wawili hao, hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kazi hiyo, wametaja zaidi ya moja ya nane ya familia nzima. Nadhani ni rekodi isiyovunjika, na pengine isingefaa ivunjwe: maelezo yao mengi ni ya mistari michache, na walioachiwa kuyachambua wanaendelea hadi leo. Aliyeweka hesabu sawa ni Lee Herman wa American Museum of Natural History, New York, ambaye orodha yake ya mwaka 2001 ina juzuu 7.

Aliyengoja jina muda mrefu kuliko wengi ni mmoja aliyeokotwa na Charles Darwin huko Bahía Blanca, Argentina, mwaka 1832, wakati meli ya Beagle ilipotia nanga. Alipotea ndani ya makumbusho ya London, akapatikana katika boksi lililoazimwa na Stylianos Chatzimanolis wa Chuo Kikuu cha Tennessee, na akatangazwa kwa jina la Darwinilus sedarisi tarehe 12 Februari 2014, siku ya kuzaliwa kwa Darwin. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 180. Sampuli ya pili pekee inayojulikana ilikuwa Berlin.

Umri ndio uwanja wenye ubishi. Kwa wazikaji mavi, Karen Chin na Bruce Gill walionyesha mwaka 1996 mashimo yao ndani ya mavi yaliyogeuka jiwe ya dinosau wa Montana, Marekani, aliyedhaniwa kuwa Maiasaura, ya miaka milioni 75 hivi iliyopita. Walikuwepo kabla ya tembo yeyote. Kongwe zaidi ni kinyesi cha Poland cha miaka milioni 230, pengine cha Silesaurus, ambamo mwaka 2021 walikutwa mbawakawa wadogo wakiwa na miguu na vipapasio vyao. Hao hawakuja kula mavi. Walikuwa wameliwa. Wakaitwa Triamyxa coprolithica, na ni wa kundi la Myxophaga, mbali na stafilinidi.

Stafilinidi nao walikuwa na mshika taji wao. Mwaka 2012 Chatzimanolis na wenzake walieleza kisukuku cha enzi ya Triasi kutoka machimbo ya Solite, mpakani mwa Virginia na North Carolina, wakamwita Leehermania prorova, kwa heshima ya yule mtunga orodha, na kumtangaza kuwa stafilinidi wa kale kuliko wote. Miaka saba hivi baadaye kundi lililoongozwa na Martin Fikáček liliangalia upya mawe hayohayo na kumhamishia Myxophaga. Kiti sasa kimesogea karibu nasi kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na wanaokigombania ni visukuku vya Jurasiki vya Daohugou nchini China na Karatau nchini Kazakhstan, vyenye umri wa miaka milioni 160 hivi.